Kisigino Kinataka Nguvu, Hakitaki Sindano

Kuna hukumu moja inayopokelewa bila swali Salamabila, Kabambare na Kasongo, mkoani Maniema, Kongo, kila mtu anapolalamika kwamba kisigino kinamchoma akikanyaga chini asubuhi. Hukumu hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza inasema mfupa umeota mwiba ndani ya kisigino, na mwiba huo ndio unaochoma nyama. Ya pili inasema dawa yake ni sindano. Ya tatu inamwambia asiyeipata sindano akae chini, asibebe kitu, asitembee, mpaka maumivu yaishe yenyewe. Wauza dawa wanaisema, wahudumu wa afya wengine wanaithibitisha, na wagonjwa wanapokezana wao kwa wao mpaka imekuwa kama kweli isiyohitaji ushahidi. Nashikilia kwamba sehemu zote tatu zinapotosha, na kwamba zinawagharimu watu maskini pesa, nguvu na wakati mwingine afya yao. Kisigino cha aina hii ni kiungo kilichobebeshwa kuliko uwezo wake, na tiba yake ya msingi ni kukiongezea uwezo huo kwa kazi iliyopimwa. Tiba hiyo haitaki mashine wala chumba cha upasuaji. Inataka maarifa ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyafundisha kwa robo saa.

Tuanze na maumbile yenyewe. Chini ya unyayo, kutoka mfupa wa kisigino hadi kwenye mizizi ya vidole, umetandazwa ukano mpana na mgumu. Mwaka 1954 mtaalamu wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza namna unavyofanya kazi: vidole vikikunjwa kwenda juu, kama inavyotokea mtu anaponyanyua kisigino ili apige hatua, ukano huo unakazwa, tao la mguu linapanda, na unyayo unakuwa imara kiasi cha kuusukuma mwili mbele. Hayo hutokea katika kila hatua, na mwenye mzigo kichwani anaubebesha ukano huo mwili wake na mzigo wake pamoja. Panapovutika zaidi ni pale unaposhikana na mfupa wa kisigino, upande wa ndani, na hapo ndipo mgonjwa anapoonyesha kwa kidole akiulizwa panapouma. Usiku mguu unapopumzika, ukano unajikunyata. Hatua ya kwanza ya alfajiri inauvuta ghafla. Ndiyo maana hatua za mwanzo zinauma kuliko zote, kisha maumivu yanapungua mtu akitembea, na kurudi jioni baada ya kusimama sana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliwalinganisha wagonjwa 50 na watu 100 wasioumwa, ukakuta mambo matatu yanayoandamana na maumivu haya: uzito mkubwa wa mwili, kifundo cha mguu kisichokunjika vizuri kwenda juu, na kazi ya kusimama sehemu kubwa ya siku. Kwetu wanene si wengi, lakini kisigino hakitofautishi kilo 30 za mafuta ya mwilini na kilo 30 za gunia la mpunga kichwani. Mama anayetoka shambani na muhogo, mwanamke anayetwanga mawe ya dhahabu amesimama kutwa nzima, kijana anayepandisha udongo kutoka shimo la mgodi karibu na Namoya, mwalimu anayesimama mbele ya darasa siku nzima: wote wanaishi ndani ya hali zilezile zinazouchosha ukano huu.

Sasa tuutazame huo mwiba. Ni kweli kwamba picha ya eksirei huonyesha kidutu cha mfupa kilichochomoza chini ya kisigino kwa wagonjwa wengi. Lakini picha hizohizo zimepigwa kwa watu wasio na maumivu yoyote, na tafiti mbalimbali zimekuta kidutu hicho kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi kati yao. Wapo pia wanaoumwa vibaya na mfupa wao hauna kitu. Na anayepona, kidutu chake hubaki palepale kilipokuwa siku alipokuwa akichechemea. Kama mwiba ndio ungekuwa chanzo, asingepona nao. Mambo haya matatu yanatosha kuivunja sehemu ya kwanza ya hukumu. Kidutu ni alama ya miaka ya kuvutwa na kubebeshwa. Hakichomi nyama kama msumari, kwa hiyo kukiondoa si tiba ambayo mgonjwa wa kawaida anapaswa kuiwaza. Hata hivyo imani ya mwiba ina madhara yake. Inamfanya mtu auze mbuzi ili asafiri hadi Kindu au Bukavu kutafuta picha ambayo haitabadilisha matibabu yake. Inamfanya pia aogope kukanyaga, kwa kuwa anaamini kila hatua inakita mfupa ndani ya mwili wake. Woga huo unaudhoofisha mguu kuliko kidutu chenyewe.

Sehemu ya pili, sindano, imejengwa juu ya wazo kwamba ukano umevimba na unawaka moto, na kwamba dawa ya kuzima moto huo itamaliza kazi. Mwaka 2003 daktari wa miguu Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichunguza sampuli 50 zilizokatwa wakati wa upasuaji wa ukano huu. Walikuta nyuzi zilizochakaa na kukatikakatika, bila dalili za uvimbe wa kawaida. Dawa ya kuzima uvimbe inakosa basi cha kuzima, ingawa inaweza kunyamazisha maumivu kwa muda. Mapitio makubwa ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 39 zenye watu karibu 2,500, yalikuta kwamba sindano ya steroidi, yaani dawa hiyo ya kuzima uvimbe, hupunguza maumivu kidogo kwa muda wa hadi mwezi mmoja, na baada ya hapo haionyeshi faida. Upande wa pili kuna gharama. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani walichapisha rekodi za wagonjwa 765 wa maumivu haya. 51 kati yao walikatika ukano, na 44 kati ya hao 51 walikuwa wamechomwa sindano ya steroidi. Ukano ukikatika tao la mguu hulegea, na matatizo mapya huanza penye mguu uliokuwa na tatizo moja.

Najua jibu litakalotolewa hapa, nalo lina uzito. Mtu atasema: mwezi mmoja wa nafuu ni mwezi wa kula. Mchimbaji asipoingia shimoni leo, watoto wake hawali leo, na sindano inamrudisha kazini kesho yake. Siwezi kuidharau hoja hiyo, na daktari aliyejifunza kuchoma mahali sahihi, mara moja, kwa mgonjwa aliyeshindwa na njia nyingine, hafanyi kosa. Lakini tuangalie mwezi huo unavyotumika. Maumivu yamenyamazishwa, ukano ni uleule uliochakaa, na mwenyewe anarudi kubeba mzigo uleule aliokuwa akiubeba, pengine mkubwa zaidi ili afidie siku alizopoteza. Mwezi ukiisha anarudi mahali alipokuwa, au nyuma yake. Isitoshe, sindano inayozungumzwa kwenye masoko ya migodini mara nyingi si ile ya daktari iliyopimwa. Ni deksametazoni inayochomwa takoni, au vidonge vyake vinavyomezwa wiki baada ya wiki bila mtu wa kuvisimamia, au diklofenaki inayonunuliwa kama peremende. Steroidi ikitumiwa hivyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kuupunguzia mwili uwezo wa kupigana na maambukizi. Diklofenaki ikizidi hutoboa tumbo na kuchosha figo. Kwa watu wanaoishi na malaria, kifua kikuu na maji yasiyo salama, hiyo ni bei kubwa mno kuilipa kwa kisigino.

Sehemu ya tatu, ya kukaa, ndiyo inayosikika kuwa ya hekima, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa uangalifu. Chimbuko lake linaeleweka. Mguu wenye kidonda unataka kupumzishwa, na historia ya hapa inayo mfano unaojulikana: mwaka 1870 msafiri David Livingstone alikwama Kabambare kwa wiki nyingi kwa sababu ya vidonda vilivyomla miguu yote miwili, na alipolazimisha kutembea vilizidi kuwa vibaya. Kwa kidonda, na kwa mfupa uliovunjika, kutulia ni tiba. Ukano una sheria nyingine. Hujengwa na kazi na kupungua nguvu usipotumika. Anayelala mwezi mzima huamka na ukano dhaifu kuliko alivyoulaza, misuli ya shavu la mguu imenywea, na siku anaporudi shambani pengo kati ya uwezo wake na mzigo wake limepanuka. Maumivu yanarudi siku ya tatu, naye anaamini hakupumzika vya kutosha. Zaidi ya hayo, ushauri wa kukaa hauwezi kufuatwa na wengi wanaopewa. Mama mwenye watoto watano, maji yakiwa bondeni na shamba likiwa mlimani, hana wa kumfanyia kazi hizo. Ushauri usiowezekana humwacha mgonjwa na lawama tu: hakupona kwa kuwa alikaidi.

Kinachopaswa kuchukua nafasi ya hukumu hii ni kazi iliyopimwa, na ushahidi wake upo. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Rochester, Marekani, likiongozwa na Benedict DiGiovanni, lilionyesha faida ya zoezi rahisi: mgonjwa anakaa, anaweka mguu unaouma juu ya goti la pili, anavishika vidole na kuvivuta kuelekea mundi wake mpaka ausikie ukano umekazika chini ya unyayo, anahesabu hadi kumi, analegeza, anarudia mara kumi. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku, na mara ya kwanza ni kabla hajakanyaga chini asubuhi. Mwaka 2015 Michael Rathleff na wenzake wa Denmark walikwenda mbele zaidi. Waligawa wagonjwa 48 katika makundi mawili, moja likafanya zoezi hilo la kuvuta, jingine likafanya zoezi la nguvu. Mgonjwa wa zoezi la nguvu husimama kwenye kingo ya ngazi, kitambaa kilichoviringishwa kikiwa chini ya vidole ili vikunjwe juu, ananyanyua kisigino polepole kwa kuhesabu tatu, anashikilia kwa mbili, anashuka kwa tatu. Hurudia mara 12 kwa awamu tatu, siku moja kazi na siku moja mapumziko, na wiki zinavyopita anaongeza uzito mgongoni. Baada ya miezi mitatu kundi hili lilikuwa na nafuu kubwa kuliko la kuvuta peke yake. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Maana yake ni kwamba kazi huharakisha kupona kwa mtu asiyeweza kungoja mwaka. Na hakuna kitu humo kinachokosekana Salamabila. Kingo ya baraza au matofali mawili imara hutosha kuwa ngazi, kitenge kilichoviringishwa hutosha kuwa kitambaa, ukuta hutosha kwa kushika, na dumu la maji lililofungwa mgongoni hutosha kuwa uzito. Kipimo ni maumivu yenyewe: yakivumilika wakati wa zoezi na asubuhi ya pili yasiwe yameongezeka, uzito unafaa, yakiongezeka, unapunguzwa, zoezi haliachwi.

Zoezi huenda pamoja na kupanga mzigo wa siku. Asiyeweza kuacha kubeba anaweza kubeba kilo 20 mara mbili badala ya 40 mara moja. Anayetwanga amesimama anaweza kuketi kwa sehemu ya kazi. Anayerudi baada ya ugonjwa wa malaria au baada ya kujifungua aanze na nusu ya mzigo aliouzoea na kuongeza kila wiki, kwa kuwa maumivu haya hupenda kuanza pale kazi inapopanda ghafla. Na asubuhi asikanyage sakafu ngumu pekupeku. Kandambili zenye soli nene ziwe kando ya kitanda. Wengine watadai kwamba bila soli maalumu zinazotengenezwa na wataalamu hakuna tiba. Karl Landorf na wenzake nchini Australia walilijaribu hilo kwa watu 135 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006: soli zilizochongwa kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa, soli za dukani, na soli za bandia za sponji laini. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kipande cha soli laini kilichokatwa na fundi viatu wa sokoni kinatosha kupunguza kishindo wakati ukano unajengwa upya.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba ushahidi huu umetoka Denmark na Marekani, kwa watu wavaao viatu na kutembea kwenye lami, na haufai kwa mguu unaopanda vilima vya Maniema. Wanastahili jibu la wazi: ukano wa unyayo ni uleule, na namna unavyoitikia mzigo ni ileile. Tofauti iliyopo inatia nguvu hoja yangu, kwa sababu mgonjwa wa Denmark anaweza kukaa nyumbani akilipwa, na wa hapa hawezi. Tiba inayojengwa juu ya kazi inamfaa zaidi yeye anayelazimika kufanya kazi. Wengine watasema wazee wetu walitembea pekupeku hadi pwani na hawakuijua shida hii. Njia za misafara zilizopita Kasongo enzi za mfanyabiashara Tippu Tip zilibeba wapagazi wenye mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, kwa miezi mingi ya safari. Lakini masimulizi ya misafara yalihifadhi majina ya wenye mali; aliyechechemea akaachwa njiani mara nyingi hakuandikwa jina. Na wale walioweza, waliweza kwa kuwa miguu yao ilizoezwa tangu utotoni, hatua kwa hatua, kwa mzigo uliokua pamoja nao. Hilo ndilo somo la makala haya, na anayewataja wazee ananiunga mkono.

Ninayoyasema yana mpaka, na mpaka huo ni lazima ujulikane na kila muuguzi na kila mhamasishaji wa afya. Aliyeanguka kutoka juu, kama mchimbaji aliyetumbukia shimoni akatua kwa visigino, anaweza kuwa amevunja mfupa wa kisigino na hata uti wa mgongo. Huyo hafanyi zoezi, anapelekwa hospitali. Mwenye homa, au kisigino kilichovimba na kuwa chekundu na cha moto, anaweza kuwa na maambukizi ya mfupa, hasa akiwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kongo. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku akiwa amelala, ganzi kwenye unyayo, mlio wa kukatika ulioambatana na maumivu ya ghafla, kidonda kwa mwenye kisukari: yote yanataka daktari. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na ambaye kiuno chake hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa anaweza kuwa na ugonjwa wa viungo wa aina nyingine. Funza watazamwe na kutolewa kwa usafi kabla ya kusema lolote lingine. Na haki inataka isemwe kwamba si kila mtu hupona haraka. Wapo wanaobaki na maumivu kwa miaka. Hao ndio wa kupelekwa mbele, wakiwa wamekwisha kupewa miezi kadhaa ya kazi iliyopimwa.

Pingamizi zito kuliko yote limebaki. Salamabila imeona vita, imepokea watu waliokimbia vijiji vyao kwa miguu, na mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka yamefanya kazi huko kwa sababu ya majeraha, surua, malaria na ukatili dhidi ya wanawake. Nani, wataniuliza, ana nafasi ya kuzungumzia visigino? Najibu kwamba mahali ambapo barabara ni mbovu na uchumi wote unabebwa kwa miguu, kisigino ni chombo cha kazi. Anayeshindwa kutembea hafiki shambani, hafiki kliniki na chanjo ya mtoto, wala hawezi kukimbia risasi zinapolia. Tena maumivu haya tayari yanakula pesa za familia kwa njia ya sindano na vidonge. Ninachodai ni matumizi ya chini kuliko yaliyopo. Na kama kuna mahali duniani panapopaswa kulielewa jambo hili, ni hapa. Tangu mwaka 1971 Kasongo ilikuwa makao ya mradi ambao madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, waliuendesha pamoja na wauguzi wa hapa. Ulionyesha kwamba kituo kidogo kinachoongozwa na muuguzi, chenye maelekezo ya wazi na hospitali moja ya kupokea waliozidiwa, kinaweza kushughulikia sehemu kubwa ya shida za watu. Fikra zake zilichangia mpango wa zoni za afya ambao nchi inautumia mpaka sasa.

Ninachotaka ni kitu kidogo kinachowezekana mwezi huu. Zoni za afya za Salamabila, Kabambare na Kasongo ziandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili: dalili za ukano wa unyayo uliochoka, dalili za hatari zinazohitaji hospitali, zoezi la kuvuta, zoezi la kunyanyua kisigino, na namna ya kupanga mizigo. Ukurasa huo ubandikwe katika kila kituo, usomwe makanisani na misikitini, ufike kwa wakubwa wa mashimo na vyama vya akina mama. Muuguzi anayeombwa sindano asimame na mgonjwa wake ukutani, amwonyeshe zoezi kwa mwili wake mwenyewe, ampe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Na mgonjwa aambiwe ukweli ambao hukumu ya zamani ilimficha: kwamba mguu wake haukuharibika, umezidiwa, na unaweza kufundishwa tena kubeba.